Siku Niliyoomba Petroli Iishe

Wenzangu madereva wa ofisi ya Ngara, mliniaga kwa keki na saa ya ukutani, kisha mkaniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri kwa sababu kinywa kilikuwa kimejaa keki: kwa nini mzee huyu akipanda gari la mtu yeyote, hata teksi, kitu cha kwanza anachotazama ni geji ya petroli? Naandika haya niwajibu. Mungu amenijalia kumaliza kazi nikiwa na viungo vyangu vyote, na hilo ni lake, si langu. Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani hakupandishwa mnayajua, na msiyoyajua hayatawasaidia barabarani.

Nilifika Ngara asubuhi ya mvua nimevaa shati la kanisani. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na kazi yake ilikuwa hii hii ya leo: mtu ana gari lakini hataki au hawezi kuendesha, ofisi inampelekea dereva. Mkuu wa madereva alikuwa Mzee Githinji, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, aliyeanza maisha kwenye malori ya maziwa. Leseni yangu aliitazama kama mtu anayetazama picha ya mtoto wa jirani. Akanipa ufunguo wa gari la ofisi na kuniambia twende mjini.

Msongamano ulitushika karibu na Moi Avenue. Sindano ya geji ilikuwa imelala kabisa, na taa ya njano inawaka.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Petroli inaisha, mzee."

"Unaogopa?"

"Naogopa."

"Vizuri. Dereva asiyeogopa ni abiria aliyekaa kiti kibaya."

Siku hiyo alinifundisha kuendesha na tangi tupu, maana aliamini kwamba anayeweza hilo anaweza yote. Mguu uwe mwepesi kama umevaa soksi. Gia ya juu mapema. Breki ni petroli uliyoitupa, kwa hiyo ona kizuizi kabla hakijawa kizuizi. Mashine ya baridi izimwe, hata kama bosi anatoka jasho. Tena usiamini geji mlimani, kwa sababu gari likipanda, petroli hukimbilia nyuma ya tangi, na pampu ikiwa mbele itanyonya hewa. "Usiulize geji, uliza gari," alisema. "Kohozi la kwanza ni salamu. La pili ni kwaheri." Mwisho alinipa faneli aliyoikata kutoka chupa ya maji, nayo imekaa chini ya kiti changu miaka yote. Nimewaachia kwenye droo. Msiitupe, haifanani na kitu cha maana lakini ni cha maana.

Baada ya kuhangaika na wateja wa kila namna, nilipelekwa Parklands kwa Mama Hansa, na huko nikakaa mpaka nywele zikageuka. Mume wake, marehemu, alikuwa na duka la vyuma. Mama alizaliwa Ngara, akasomea Ngara, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi kama chenu. Siku ya kwanza alinitolea chai verandani, akasema sharti lake kabla sijakaa.

"Yohana, petroli usijaze. Unasikia? Kidogo tu, ya kwenda na kurudi."

"Mama, pampu iko ndani ya tangi. Petroli ndiyo inaipoza. Tukiendesha hivyo itaungua."

"Pampu tutanunua. Mtu hatununui."

Sikuelewa mpaka yeye mwenyewe aliponieleza. Mume wake aliwahi kujaza tangi mpaka mdomoni, na siku hiyo hiyo akatekwa langoni kwake. Walimtia kwenye buti, wakazunguka naye mchana kutwa mpaka petroli ilipokwisha, mbali sana, upande wa Naivasha. Alirudi mzima. Lakini hakushika usukani tena, wala hakulala tena katika chumba chenye mlango uliofungwa. Mama alikuwa amekaa na jambo hilo akalifikiria, akafikia hesabu yake: gari lenye petroli kidogo halimpeleki mtu mbali. Wala hakuwa peke yake. Nje ya hekalu la Wahindi, tulipowasubiri mabosi wetu, nilikutana na madereva wengine wenye sharti hilo hilo. Tuliitana watu wa taa, kwa sababu ya ile taa ya njano iliyokuwa ikituwakia kila siku.

Wengi wenu hamjui kuishi hivyo, na ninamshukuru Mungu kwamba hamjui. Mvua inanyesha, magari yamesimama kutoka mzunguko wa Museum Hill mpaka Westlands, na wewe unasikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto. Nyuma yako ameketi mama mwenye ugonjwa wa moyo. Mkono umeshika gia, na moyo unaomba. Sisi wa shule ya Jumapili tulifundishwa habari ya mjane aliyekuwa na mafuta kidogo chupani, akamimina na kumimina, yasiishe. Niliomba kwa mjane huyo kila siku ya kazi. Nijisahihishe, niliomba kwa Mungu wa mjane huyo. "Bwana, yasiishe leo." Wala hayakuisha. Tulibadilisha pampu mara kadhaa, na fundi alidhani sisi ni wendawazimu, lakini barabarani hatukuzimikiwa.

Ila mara moja, nusura. Mama alikuwa na mpishi wa zamani, Rosa, aliyemlelea mwanawe, na alipostaafu akahamia Kangemi kwa mwana wa dada yake. Mama alipenda kumtembelea. Kutoka Waiyaki Way kuingia sokoni Kangemi kuna kijibarabara cha pembeni ambacho kinapinda na kupanda kwa pamoja, pikipiki zimepangwa huku na vibanda vya mboga ya sukuma wiki huku. Tulipokipanda taa ikiwa imewaka siku nzima, gari likakohoa. Salamu. Nikateremsha gia, nikaomba, likapita. Tangu siku hiyo kwa Rosa niliingilia upande wa pili, hata kama ni kuzunguka. Kijibarabara kile nilikiogopa kama mtu anavyoogopa mbwa aliyemuuma.

Sasa niwaeleze siku yenyewe.

Ilikuwa mchana, jua kali. Tulitoka Ngara, ambako Mama alipeleka nguo kwa fundi cherehani, tukafika langoni Parklands. Taa ilikuwa imewaka tangu asubuhi, nami nilikuwa nimepanga kuweka kidogo baada ya chakula. Nilipiga honi. Askari wa lango alikuwa amekwenda kunawa mikono apate kula. Katika kumsubiri huko, milango miwili ilifunguliwa. Kijana wa fulana ya kijani akaketi karibu nami. Mwingine, mkubwa kidogo, mwenye jaketi la kung'aa kama la wajenzi wa barabara, akaketi nyuma na Mama. Alishika gazeti lililokunjwa, na ndani ya gazeti mlikuwa na bastola. Niliiona kwenye kioo.

"Budaa, tulia hivyo hivyo," akasema yule wa jaketi. "Rudi reverse polepole, tuende. Endesha kama unampeleka mathe hospitali."

"Tunakwenda wapi?"

"Waiyaki Way. Toka tao, nje ya mji. Tunataka gari, hatutaki maneno. Mtashuka mbele huko, kwa miti."

Nilielewa kwa nini hawakuniondoa kwenye usukani. Dereva mwenye mvi na mama wa Kihindi nyuma, askari gani wa trafiki atawasimamisha? Nikarudi nyuma polepole, nikashika njia. Shati liliganda mgongoni. Nilitaka kuomba, maneno yakakataa kuja, likabaki jina la Mungu tu likizunguka kichwani kama nzi chumbani.

Tukapita Westlands. Kijana wa fulana akainama kwenye dashibodi.

"Hii taa ya njano ni ya nini?"

Nimefundisha watoto kanisani kwamba uongo ni uongo hata ukiwa na sababu. "Ni ya petroli."

"Iko?"

"Kidogo."

"Ati kidogo? Unatubeba na gari haina mafuta?"

"Sikujua mtakuja," nikajibu.

Sikukusudia mzaha, naapa. Nyuma, Mama alitoa sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kikohozi au kicheko. Kijana akanitazama kwa hasira, kisha akamgeukia mwenzake, na hapo niliona kwamba kidevu chake kinatetemeka. Hakuwa mzoefu.

"Wacha kumsumbua mzee," akasema wa jaketi. "Taa ikiwaka bado kuna safari. Hizi gari zinadanganya ndio uogope. Tukishawaacha tutaweka. Stesheni ya petroli na hawa ndani hatuingii."

Alisema kweli, taa ikiwaka bado kuna safari. Lakini gari lile nililijua kuliko alivyolijua. Taa ilikuwa imewaka tangu asubuhi. Nilipiga hesabu kichwani, na hesabu ikanipa jibu nililoliogopa: petroli ingetufikisha kupita Kangemi, kupita Uthiru, mpaka pale ambapo nyumba zinapungua na miti inaanza. Ingeishia huko. Watu wawili wenye bastola na hasira, gari limewafia mikononi, sisi wazee wawili ndio tuliolifisha, na hakuna macho mengine ila ya ndege. Hesabu ya Mama Hansa ilikuwa sahihi miaka yote. Gari halikuwa likienda mbali. Ila lilikuwa likienda mbali vya kutosha.

Ndipo nikajua la kuomba. Miaka yote nilikuwa nimemwomba Mungu wa yule mjane kwamba mafuta yasiishe. Sasa nikamwomba, midomo ikiwa imefungwa: "Bwana, yaishe. Yaishe Kangemi."

Kisha nikaanza kumkosea Mzee Githinji. Niliwasha ile mashine ya baridi mpaka mwisho. "Mama ana shida ya moyo," nikasema, na ilikuwa kweli. Nilibaki gia ya pili ambapo ya nne ingetosha. Niliongeza mwendo mpaka nyuma ya lori, nikafunga breki, nikaongeza tena. Injini ililia.

"Mbona hii gari inapiga kelele?" akauliza kijana.

"Ni nzee, kama mimi."

"Na kama mimi," akasema Mama. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa: "Yohana, Rosa leo yuko nyumbani?"

Nilimtazama kwenye kioo. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga, lakini macho yaliniangalia moja kwa moja. Alikuwa ameelewa tunakokwenda. "Atakuwepo, Mama."

"Rosa ni nani?" akauliza wa jaketi.

"Mpishi wangu. Anakaa huku."

"Shosho, leo hakuna kutembelea mtu. Nyamaza."

Kangemi ikatokea. Nikashika upande wa kushoto, nikatoka barabara kuu.

"Wee! Mbona unatoka?"

"Hapo mbele juu trafiki hupenda kusimama," nikasema, na hilo pia ni kweli, kila dereva analijua. Wa jaketi akatazama mbele, akafikiri, akaguna. "Pita haraka basi."

Tukakifikia kile kijibarabara. Nikakipanda kwenye pinda lake na mlima wake, gia ya pili, nikingoja kohozi. Halikuja. Gari lililonitesa pale pale likapanda laini kama limejazwa tangi zima. Nikamwambia Mungu, na alisikia alivyosikia: Mjane ulimpa bila kupunguza, na mimi leo unanipa bila kuombwa? Vibanda vya sukuma vilipita, wauza nyanya wakapita. Mwisho wa soko ulikuwa unaonekana, na baada yake barabara inarudi kwenye ile kubwa.

Mkokoteni wa viazi ukakatiza mbele yetu. Nikafunga breki, gari likasimama juu ya mteremko, pua juu. Nilipoachia klachi, likakohoa.

Salamu.

Nikakanyaga mafuta. Likakohoa tena, likatikisika, likazima.

"Washa!" akasema wa jaketi.

Nikazungusha ufunguo. Injini ikazunguka bila kushika. Nyuma yetu honi zilianza. Nikazungusha tena. Sikujifanya, nilizungusha kwa moyo wote, kwa maana bastola ilikuwa imegusa kiti changu na niliihisi mgongoni.

Nanyi mnajua desturi ya jiji letu. Gari likizima Nairobi, kabla dereva hajashuka watu wamefika. Mwenye mkokoteni aliuacha mkokoteni wake. Wabebaji wa magunia wakaja. Mtu wa pikipiki akapiga kelele: "Mzee, petroli imekata? Nikuletee?" Mwenye mkokoteni, mtu mkubwa mwenye kifua kama mlango, akainama dirishani kwetu, akamwona kijana wa fulana.

"Wewe bwana harusi! Mzee wa mvi atasukuma na wewe umekaa? Toka nje!"

Watu wakacheka. Kijana hakusogea.

"Ama uko na mimba? Toka! Na wewe wa jaketi huko nyuma, umemwoa huyo shosho? Shukeni msukume!"

Wakacheka tena, wakaongezeka. Mwanamke wa nyanya akasema vijana wa siku hizi hata aibu hawana. Kwenye kioo nilimwona wa jaketi akitazama kulia, kushoto, nyuma. Kila upande nyuso. Akalikunja gazeti vizuri, akalitia ndani ya jaketi, akafungua mlango. "Toka," akamwambia mwenzake.

Wakatoka. Wakaenda nyuma ya gari wakaweka mikono kwenye buti pamoja na wengine. "Haya, moja, mbili!" Gari likasogea kando ya barabara, mimi nikishika usukani, na waliotuteka wakitusukuma.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo nilipoogopa kuliko wakati wote. Lilikuwepo neno moja ambalo kama ningelitamka pale, soko lote lingeitika. Mnalijua. Mnajua pia linavyokwisha. Mtu wa pikipiki alikuwa amerudi na petroli kwenye chupa ya soda, anaikaza kifuniko, na nilipoitazama ile chupa mkononi mwake nikaona kazi mbili inazoweza kufanya: kuwasha gari, na kuwasha mtu. Kijana wa fulana alikuwa ameinua uso juu ya buti, amenikazia macho kwenye kioo. Kidevu kile kilitetemeka. Alijua kwamba nalijua hilo neno. Uhai wake ulikuwa kinywani mwangu kama wangu ulivyokuwa mkononi mwao muda mfupi tu uliopita.

Mkono wa Mama ukanigusa bega.

"Yohana, wacha waende."

Sikulitamka. Sitasema ilikuwa huruma tupu. Nusu yake ilikuwa hofu. Lakini pia sitasema haikuwa huruma. Nilipotazama tena kwenye kioo, walikuwa wanateremka kati ya vibanda, hawakimbii, wa fulana ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

"Ona hao!" akasema mwenye mkokoteni. "Kusukuma kidogo tu wametoroka. Mzee, ni jamaa zako?"

"Tulikutana njiani," nikasema.

Nikatoa faneli ya Mzee Githinji chini ya kiti. Mtu wa pikipiki akaishika yeye, akamimina. Harufu ile ya petroli ilinipanda kichwani, nikalazimika kuegemea gari. Mama hakushuka mpaka tulipofika kwa Rosa, na huko alikaa kitandani kwa Rosa na kikombe cha chai, wakashikana mikono. Baadaye Mama akasema twende polisi, tueleze yote tuliyoona. Tulikwenda, tukaeleza, wakaandika, wakaturuhusu kurudi na gari.

Jioni, kabla ya kuingia Parklands, Mama aliniambia nisimame kwenye stesheni. Mhudumu akainama: "Niweke ngapi, mzee?"

Nikamtazama Mama kwenye kioo. Gari la nyuma likapiga honi.

"Jaza," akasema.

Geji ikapanda mpaka mahali ambapo sikuwahi kuiona ikifika. Tukaenda nyumbani na taa imezimika, na nawaambieni kweli, njia yote niliogopa. Hofu haikuondoka pamoja na ile taa. Mpaka leo inakaa nami, na nimejifunza kuiombea kama mtu anavyomwombea mgeni asiyejua ataondoka lini. Ndiyo maana natazama geji za watu.

Asubuhi iliyofuata nilichukua ndoo nikaenda kuosha gari, kazi niliyoifanya kila siku kabla ya chai. Vumbi la Kangemi lilikuwa limelifunika. Kwenye buti palikuwa na alama za viganja, vingi, vikubwa na vyembamba, vimepandana, vimetelezeana pale gari liliposogea. Nilisimama na kitambaa mkononi nikivitazama kimoja kimoja. Nilitaka kujua ni vipi vilikuja kutuua na ni vipi vilikuja kutusaidia. Vilikuwa viganja tu. Nikaviosha vyote kwa maji yale yale.